UZI: Kutoka CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenda LPN (muuguzi wa ngazi ya kati) hapa Marekani. Wabeba boksi tukutane hapa

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Kila wiki naletewa swali lile lile: "Kaka nimechoka na CNA, mgongo umekwisha, nataka LPN, naanzia wapi?" Kujibu mmoja mmoja nimeshindwa, nikaona nishushe uzi. Mimi ni LPN kwenye makao ya wazee, nipo Ohio. Kila jimbo lina bodi yake ya uuguzi na sheria zake, kwa hiyo walio Texas, Minnesota, Maryland na kwingineko waongezee ya kwao.

Kwa wasiojua ngazi zilivyo. Chini kuna CNA, yule anayeogesha, kulisha, kugeuza na kubadilisha nepi. Sheria ya shirikisho inataka angalau saa 75 za mafunzo, na yako majimbo yanayodai zaidi. Juu kuna RN, muuguzi kamili aliyesajiliwa. Katikati ndipo alipo LPN, ambaye Texas na California wanamwita LVN ila kazi ni ile ile: kugawa dawa, kuchoma insulini, kufunga vidonda, kuweka mpira wa mkojo, kumlisha mgonjwa kwa mrija, kumpigia daktari simu hali ikibadilika. Anafanya yote hayo chini ya usimamizi wa RN au daktari. Mgonjwa mpya akiingia, tathmini kamili ya kwanza ni ya RN. Kuongeza damu na kusukuma dawa moja kwa moja kwenye mshipa, majimbo mengi hayampi LPN ruhusa hiyo.

Hela. Takwimu za serikali za 2023 zinaonyesha LPN wa katikati kabisa, yaani nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini yake, alipata dola 59,730 kwa mwaka. CNA alipata 38,000 na ushee. RN 86,070. Hizo ni kabla ya kodi, kwa hiyo mtu asije akazipigia hesabu ya kiwanja Kigamboni kesho asubuhi.

Kozi ni kama mwaka mmoja ukisoma mchana kutwa. Ya jioni na wikiendi inasogea hadi mwaka na nusu au miwili.

Sasa tuje kwenye shule, maana hapa ndipo watu wetu wanapopigwa. Jambo la kwanza, shule iwe imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lako. Usimuulize wakala wa shule. Ingia tovuti ya bodi, orodha iko wazi. Bila idhini hiyo huwezi kukaa kwenye mtihani wa NCLEX-PN, na bila NCLEX-PN hakuna leseni, hata uwe na cheti chenye fremu ya dhahabu. La pili, kwenye tovuti hiyo hiyo angalia asilimia ya wanafunzi wao waliofaulu NCLEX mara ya kwanza. Texas, kwa mfano, inataka shule isishuke chini ya asilimia 80. Shule ikicheza chini ya kiwango miaka miwili mfululizo, wewe pita mbali, hata kama iko jirani na kwako na ada wanapokea kwa mafungu.

La tatu watu hawaliulizi kabisa: masomo yako yatahesabika ukitaka kwenda RN? Kuna mama tunafanya naye kazi, alilipa zaidi ya dola 20,000 kwenye shule binafsi (siitaji). Alisoma, akafaulu, leseni akapata, hakuna aliyemdanganya hapo. Alipokwenda chuo cha jamii kuomba programu ya LPN kwenda RN, wakamwambia anatomia na fiziolojia yake hawaitambui, aisome upya. Mwaka mzima huo. Kabla ya kulipa hata senti, piga simu kwenye chuo unachotarajia kusomea RN uwaulize: nikitoka shule fulani mnanipokea? Simu ya dakika kumi.

Na jamani, vyeti vya kununua. Januari 2023 FBI na waendesha mashtaka wa Florida waliweka hadharani Operation Nightingale. Shule tatu za kusini mwa Florida, diploma za uongo zaidi ya 7,600, watu 25 wakashtakiwa. Karatasi moja iliuzwa dola 10,000 hadi 15,000. Walionunua walipata njia ya kukaa kwenye NCLEX, na waliofaulu wakaingia wodini. Baada ya hapo bodi za majimbo zikaanza kuwafuatilia mmoja mmoja na leseni zikafutwa. Nasema hivi kwa sababu bado kwenye magrupu ya WhatsApp anatokea mtu na "kozi ya miezi mitatu, huhudhurii, NCLEX unakaa". Mfute.

Ngoja niingie kazini, nitaendelea na kujiunga, chanjo na mtihani.

Siti ya Mbele

Nimeweka kambi. Madini haya.

Bint Pangani

Asante kaka. Mimi nipo Tanga, ni muuguzi mwenye diploma, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Naweza kuombewa viza nikaja kufanya kazi ya LPN huko kwanza, halafu nikapanda taratibu?

Zamu ya Usiku

Dada, usishuke ngazi. Ile njia ya mwajiri kumwombea muuguzi green card bila kwanza kupima soko la ajira inawahusu RN na watu wa fiziotherapia. LPN hayumo. Wewe una diploma ya miaka mitatu, peleka vyeti vyako vikapimwe kwa ngazi ya RN. Shirika la kupima ni CGFNS, siku hizi linaitwa TruMerit. Bodi ya jimbo ikikubali, unakaa NCLEX-RN. Wenye astashahada ya miaka miwili hali ni tofauti, wao mara nyingi hupimwa kama LPN, na ndipo ugumu wa viza unapowakuta. Na mtu akikuomba hela Dar akuahidi "viza ya LPN", mwache na ahadi yake.

Mzee wa Dallas

Hapo nakupinga kidogo ndugu yangu. Mimi ni Mkenya, niko Texas miaka mingi, na LVN naiona ni kupoteza wakati. Kijana mwenye nguvu aende chuo cha jamii moja kwa moja, asome ADN, ile shahada ya uuguzi ya miaka miwili, atoke RN. Ongeza kama mwaka wa masomo ya awali, anatomia, mikrobiolojia, Kiingereza. Jumla mitatu. Huyo wa LVN atasoma mwaka mmoja, afanye kazi miwili mitatu akilipa madeni, halafu arudi darasani kusoma mwaka mwingine au zaidi. Wenzake washafika. Tena hospitali kubwa nyingi haziajiri LVN wodini, utabaki kwa wazee tu, wewe peke yako na wagonjwa thelathini na kitoroli cha dawa. Nimeona watu wakikwama hapo miaka kumi. Pesa ikishaingia, kurudi shule ni ngumu bwana, wacha tusidanganyane.

Mama Pacha

Mzee wa Dallas shikamoo. Unayosema ni kweli kwa kijana asiye na mtoto. Mimi nilikuwa na mapacha wa chekechea, mume anaendesha lori anarudi Ijumaa. Miaka mitatu ya ADN ningeisomea wapi? Nilichukua LPN ya jioni, nikapanda mshahara, nikapunguza shifti za dabo, ndipo nikapata nafasi ya kufikiria RN. Sasa hivi nipo kwenye programu ya LPN kwenda RN na mwajiri anachangia ada. Bila LPN ningekuwa bado nageuza watu usiku kwa hela ya CNA.

Ila nakubaliana na wewe hapa: ukimaliza LPN, jiandikishe masomo ya RN mwaka huo huo, hata somo moja. Ukisema "ngoja nipumzike kwanza", umekwisha.

Sasa niwaambie shule yenyewe, maana mleta uzi kaenda kazini. Kinachowaangusha watu wetu mapema ni hesabu za dawa. Shule nyingi zinataka asilimia 90 au zaidi, na ukishindwa mara kadhaa unatolewa kwenye programu. Hesabu zenyewe ni za darasa la saba, tatizo ni vipimo vyao. Mgonjwa anapimwa kwa paundi, dawa inapimwa kwa kilo, kwa hiyo unagawa kwa 2.2 kabla ya kitu chochote. Dripu ya mililita 1,000 kwa saa nane, mrija wa matone 15 kwa mililita: 1,000 mara 15, gawa kwa dakika 480, unapata 31.25, unaandika matone 31 kwa dakika. Tone halina robo. Ukiandika 31.25 umekosa, na mwalimu hatakuonea huruma.

Halafu zile siku za kupimwa ujuzi kwa vitendo, mbele ya mwanasesere na mwalimu ameshika karatasi. Mpira wa mkojo ndio unaotoa watu jasho. Unafungua kifurushi, unavaa glovu safi za upasuaji, unapanga vifaa bila kugusa pembeni. Mkono wa kushoto ukishatenganisha ngozi ya mgonjwa, huo umeshachafuka: unabaki pale pale mpaka mpira uingie na mkojo uonekane, hauruhusiwi kurudi kwenye vifaa. Dada mmoja wa Ghana tuliyesoma naye alifanya kila kitu sawa, pua ikamwasha, akajikuna kwa bega. Bega! Mwalimu akasema umegusa, anza upya. Tulicheka lakini kila mtu alikuwa anatetemeka.

Insulini mbili kwenye bomba moja nayo ina mpangilio. Hewa unaingiza kwanza kwenye ile yenye ukungu, kisha kwenye ile angavu, halafu unavuta angavu kwanza na ya ukungu mwisho. Ukikosea mpangilio unachafua chupa ya angavu kwa dawa inayofanya kazi taratibu, na chupa hiyo itatumika kwa mgonjwa ambaye sukari imepanda anahitaji ya haraka. Ukishaelewa sababu hiyo, hausahau tena.

Rafiki wa Nyarugusu

Jambo bandugu. Miye ni Mkongomani, nilikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa niko Dayton. Nilimaliza sekondari ila karatasi zilibaki Uvira wakati wa vita. Kila shule wananiuliza diploma ya sekondari. Nitafanya namna gani?

Zamu ya Usiku

Kaka, karibu, sisi ni majirani. Njia iliyonyooka ni GED: hesabu, lugha, sayansi na masomo ya jamii. Ukiipata, shule zinaichukua sawa na diploma ya sekondari ya hapa. Maktaba na vituo vya elimu ya watu wazima vina madarasa ya bure ya maandalizi, na mengi yanafundisha Kiingereza pamoja. Wewe kama mkimbizi unastahili msaada wa masomo wa serikali, jaza fomu yake, FAFSA. Ruzuku ya Pell Grant ya juu kabisa kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 ni dola 7,395, na hiyo hairudishwi. Wenye green card na waliokubaliwa hifadhi nao wamo. Wa viza ya mwanafunzi hawamo.

Kwa wenzangu wenye vyeti vya kidato cha nne, cha sita au KCSE: peleka kwenye shirika la kutathmini vyeti kama WES au ECE, lakini kwanza uliza shule yako inakubali lipi. Shule nyingi zina mtihani wa kuingilia, TEAS au HESI. TEAS ni kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Sayansi yake ni anatomia nyingi, usiende kichwa kichwa.

Suala la chanjo lianze mapema. Hepataiti B ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na shule haikuruhusu kugusa mgonjwa bila rekodi. Surua, tetekuwanga, mafua, vyote wanataka karatasi. Kuhusu TB, sisi tuliochomwa BCG utotoni, kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba mkono bila ugonjwa wowote, halafu unaanza kuzungushwa eksirei za kifua. Omba kipimo cha damu, QuantiFERON au T-SPOT, hivyo havidanganywi na BCG. Shule nyingi zinakubali ila hawakuambii mpaka uulize.

Kaka wa Lowell

Kuna jamaa yangu aliwahi kukamatwa anaendesha amelewa. Anaogopa hata kuomba. Ameshafungiwa njia?

Zamu ya Usiku

Hapana, ila asifiche. Alama za vidole zinachukuliwa na zinaenda FBI, watakuja kuliona. Bodi zinaangalia ni kosa gani, la lini, na umefanya nini tangu hapo. Makosa ya wizi, kudhulumu wazee na dawa za kulevya ndiyo mazito. Kudanganya kwenye fomu kunaweza kumuumiza kuliko hilo kosa lenyewe. Aiandikie bodi mapema, kabla ya kulipa ada, na nakala za hukumu aziweke tayari.

Mjomba Toronto

Walio Kanada msichanganye mambo. Ontario LPN anaitwa RPN, ni diploma ya miaka miwili chuoni, na mtihani ni REx-PN tangu Januari 2022, sisi na British Columbia. NCLEX-PN siyo ya kwetu. Naendelea kusoma.

Nyota ya Asubuhi

Nimekaa NCLEX-PN juzi. Kompyuta ilizima swali la 85. Watu wananiambia ikizima 85 umefaulu. Silali.

Zamu ya Usiku

Dada pole. Hilo la 85 ni hadithi za mtaani. Swali la 85 ndiyo kiwango cha chini, la juu kabisa ni 150, muda saa tano. Kompyuta inakupandishia ugumu ukipata na kukushushia ukikosa, na inasimama pale ambapo ina uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au chini yake. Kuzima mapema maana yake imekuwa na uhakika mapema, basi. Kwa majimbo mengi unalipa dola 7.95 upate matokeo yasiyo rasmi baada ya siku mbili za kazi. Na ikiwa haikwenda vizuri, unasubiri siku 45 unarudia.

Kwa ambao bado: ada ya mtihani ni dola 200, nje ya ada ya bodi. Tangu Aprili 2023 mtihani una visa vya wagonjwa, kisa kimoja maswali sita, unasoma maelezo ya muuguzi, vipimo vya maabara, dawa, unaamua kipi kinatisha na kipi kingoje. Kukariri hakutoshi. Hapo sisi tuliokuwa CNA tuna faida, kwa sababu tumeshamwona mzee aliyekuwa anaongea jana leo kachanganyikiwa ghafla, na tunajua hilo ni la kukimbilia kabla ya yule anayelalamikia chakula. Ila tuna mtego pia: mtihani unauliza kitabuni inafanywaje, wala siyo kwenye kituo chenu chenye upungufu wa watu.

Mama Pacha

Nyota, tuombe. Jibu likija utuambie.

Niongeze la lafudhi. Mimi kilichonisumbua kuliko NCLEX ni kumpigia daktari simu usiku. Unaanza kueleza kwa adabu zetu, salamu, samahani kukuamsha, mwenzio kashakata tamaa. Fuata SBAR: hali ilivyo sasa, historia fupi, unachokiona, unachoomba. Andika kwenye karatasi kabla ya kunyanyua simu. "Mzee wa chumba cha 12, miaka 81, ana kisukari, sukari imeshuka hadi 48, yuko macho lakini ana jasho, nimempa juisi kwa utaratibu wa dharura, napima tena baada ya dakika 15. Nahitaji maelekezo ya insulini ya asubuhi." Ukimaliza hapo hakuna atakayekuuliza umetoka nchi gani. Na maagizo ukipewa, yarudie kwa sauti, dawa na kipimo, tarakimu kwa tarakimu. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza cha kwenye simu vinafanana kupita kiasi.

Mzee wa Dallas

Hilo la mama ni kweli kabisa, hata sisi RN tunaandika. Nyota, Mungu akusaidie.

Na kwa wale wa kuhamahama: ukiwa mkazi wa jimbo lililo kwenye mkataba wa leseni, kama Texas au Ohio, leseni moja ya LPN ya majimbo mengi (multistate) inafanya kazi kwenye majimbo yote ya mkataba. California na New York hawamo. Ukihamia huko unaomba upya.

Siti ya Mbele

Mimi kituo changu kimesema kitanilipia LPN yote nikisaini kubaki kwao. Nisaini?

Zamu ya Usiku

Inategemea yaliyoandikwa. Angalia utakaa muda gani baada ya leseni, mshahara wako wa LPN umeandikwa kwa tarakimu au wamesema tu "kwa mujibu wa sera", na ukiondoka katikati unarudisha zote au zinapungua kadiri unavyokaa. Angalia pia kama ni wao wanaochagua shule, na kama shule hiyo iko kwenye orodha ya bodi. Wakikufukuza wao, deni linabaki kwa nani? Hicho kipengele wengi hawakisomi. Futa majina yote, kisha bandika ukurasa wa masharti hapa tuusome pamoja. Leo niko off.